Namna ya Kuifundisha Marigoldi Kuogopa

Wanangu, huku Durban hakuna anayekutangazia kwamba baridi imekwisha. Kwetu Uvira mvua ya kwanza ikipiga bati, kila mtu anachukua jembe na hakuna wa kuuliza. Hapa majira ya kuchipua yanaingia polepole, kama mtu anayevua viatu mlangoni asiamshe watoto. Asubuhi moja ya mwezi wa nane unashuka kwenye taksi, ukungu umelala juu ya mabati ya viwanda, na katikati ya harufu ya moshi na mpira inapita harufu nyingine, tamu, ambayo jana haikuwapo. Unasimama. Unajiuliza kama bado umo usingizini. Ndiyo hiyo. Ukiikosa, mwaka mzima utakuwa unaikimbilia bustani na huifikii.

Nawaandikia ninyi mnaokaa kwenye maghorofa ya Albert Park, ambao siku hizi mnanipigia simu: Papa Furaha, nimepata kazi ya bustani kwa watu, nianzie wapi? Magoti yangu yamestaafu, mdomo bado. Nitajaribu kupanga maneno vizuri, ila mniwie radhi nikirukaruka. Kazi ya bustani siikumbuki kwa tarehe. Naikumbuka kwa pua na kwa vidole.

Bustani iliyonifundisha ilikuwa nyuma ya viwanda vya Jacobs, kwenye mtaa mfupi wa nyumba za chini ambazo familia za Wahindi zimekaa tangu zamani. Mwenye nyumba alikuwa mjane, kila mtu akimwita Anti Saro. Ukiingia langoni, kushoto kulikuwa na maua. Kulia zilikuwa mboga: biringanya, pilipili, nyanya, giligilani, na mamumunye yaliyotambaa juu ya kichanja cha mabomba ya zamani. Mwisho wa uwanja ulisimama mlimau, na kando yake mti wa majani ya kari ambao majirani wote waliuchuma bila kuomba.

Nilianza pale mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia, siku mbili kwa wiki, kumsaidia mtunza bustani aliyekuwapo tangu mume wa Anti Saro akiwa kijana. Huyo ndiye Baba Mkhize, Mzulu mrefu, mwembamba, aliyefanya kazi bila viatu hata siku za baridi. Jina langu, Josefu, hakulitumia hata mara moja. Aliniita Congo, basi. Tuliongea kwa mchanganyiko: Kizulu changu cha kuombea chumvi na Kiingereza chake cha kupokelea amri. Hapa naandika maneno yake kwa Kiswahili, jinsi yalivyokaa kichwani mwangu.

Siku ya kwanza alinisimamisha katikati ya njia.

"Congo, unanusa nini?"

"Mafuta, Baba."

"Basi leo tunanoa majembe. Upepo ukitoka kule kwenye matangi ya mafuta, mvua ya baridi iko nyuma yake. Ukinusa majivu ya miwa, huo umetoka bara, una moto. Funika miche. Ukinusa bandari, kamba wabichi wa baharini na chumvi, hapo panda mpaka mgongo ukukatae."

Nilicheka. Nilidhani ananichezea kama wanavyomchezea mgeni. Jioni ile mvua ilinikuta kituoni bila koti.

Somo la pili lilikuwa la udongo. Watu wanasema mwezi wa tisa panda maharage. Mwezi wa tisa ni mrefu, na kila uwanja una baridi yake. Baba Mkhize alinifundisha kuweka upande wa ndani wa mkono, pale nesi anaposhika kusikiliza mapigo, juu ya udongo asubuhi kabla jua halijaufikia. Ukiusikia kama shuka ambalo mtu ametoka kulilalia sasa hivi, panda maharage na mamumunye. Ukiusikia kama shuka la kitanda cha wageni, rudi wiki ijayo. Nimefanya hivyo miaka yote iliyofuata, Pinetown ambako asubuhi huuma zaidi, na hata kwenye makopo ya balkoni yangu hapa. Pinetown shuka linachelewa kupata joto. Msishindane nalo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kinyumbani kabisa. Kwetu, kabla ya mvua unafyeka. Unafyeka kila kitu, uwanja unabaki safi kama meza, ndipo unalima. Pale uani kulikuwa na kichaka ambacho watu wa Durban wanakiita Jana, Leo na Kesho. Kilikuwa cha hovyo, majani yamekunjamana, matawi yamevuka njia. Nikachukua mkasi mkubwa na kuanza. Nilikuwa nimekata tawi la tatu niliposikia sauti kutoka upande wa mboga.

"Congo! Huo mkasi unakata nini?"

"Hiki kichaka cha dirishani, Baba."

"Acha! Acha hivyohivyo!"

Alikuja haraka, akapapasa tawi nililoangusha, akaniwekea ncha yake kidoleni. Palikuwa na tumba dogo, gumu, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Kichaka kile hubeba maua yake kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukikipogoa kabla ya kuchanua, umekata mwaka mzima. Subirini kichanue, kimalize, ndipo mkipogoe. Wiki mbili baadaye kilifunguka, na nikaelewa jina lake: ua linatoka la zambarau, kesho yake linafifia kama nguo iliyoanikwa sana, siku inayofuata ni jeupe, na yote matatu yapo kwenye tawi moja kwa wakati mmoja. Ukisimama pale asubuhi, na harufu ile, unapoteza hesabu ya siku uliyonayo. Nilichelewa taksi mara mbili kwa ajili yake. Upande niliokuwa nimeukata ulibaki kijani mtupu, na Anti Saro kila akipita aliniuliza, "Josefu, hapa Kesho imekwenda wapi?"

Sikujiuliza wakati ule kwa nini Baba Mkhize aliniuliza mkasi unakata nini, wakati nilikuwa nimesimama hatua chache tu mbele yake.

Nililijua jambo hilo wiki iliyofuata. Kuben, mtoto wa Anti Saro, alikuwa ameacha ovaroli yake kwenye kamba ya nguo. Upepo uliijaza, ikasimama kama mtu aliyetanua mikono. Baba Mkhize alipita na ndoo, akavua kofia.

"Sawubona, Kuben. Umekuja mapema leo."

Ovaroli haikujibu. Akangoja kidogo, akasema kwa upole, "Sawa, sawa, mtu akichoka hasalimii," akaendelea na ndoo yake.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye pilipili, nikauma mdomo nisicheke. Kisha kicheko kikaniishia chenyewe. Nikamfuata mpaka bombani.

"Baba, ile ni nguo."

Alifunga maji.

"Eish, Congo. Najua sasa. Ilinukia sabuni." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ukungu. Ulianza jicho hili, sasa yote mawili. Mwanga nauona, mtu mbele ya mwanga nakiona kivuli chake. Vidogo sivioni."

Ndipo akanieleza kwa nini niliajiriwa. Kila mwaka Anti Saro alipamba nyumba yake kwa marigoldi wakati wa Diwali, sikukuu yao ya taa: mashada langoni, maua kuzunguka taa za udongo, sahani nzima mahali pa sala. Yalitoka kwenye uwanja wake mwenyewe, mbegu alizoanza kuzihifadhi mumewe. Sasa mjue kwamba marigoldi ina ndugu yake wa porini, gugu refu lenye majani yanayofanana na yake na harufu ileile. Kijana mwenye macho mazuri anaitambua tofauti mche ukiwa na urefu wa vidole viwili. Baba Mkhize mwaka uliotangulia alipalilia kwa pua.

"Nililitunza gugu kama mwanangu," alisema. "Nikalimwagilia, nikalifungia mijiti. Ma Saro alinunua maua sokoni. Hakusema neno. Kuben ndiye alisema."

Alichosema Kuben kilikuwa hiki: Diwali ijayo bustani isipotoa maua, uwanja wote unatandazwa matofali. Msimchukie mapema. Gari lake lilikuwa limevunjwa kioo barabarani mara mbili alipokuja kumwangalia mama yake, naye alitaka nafasi ya kuliingiza ndani ya lango. Mama alikuwa amekubali. Uwanja ukiwa matofali, mtunza bustani ni wa nini? Baba Mkhize hakuwa na pengine pa kwenda kila asubuhi.

"Usimwambie Ma," alisema. "Nipe majira haya moja. Wewe ndiye macho, mimi ndiye mengine yote."

Basi tukafanya kazi hivyo. Nawaambia kweli, sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Mimi nilisoma mbegu na miche, yeye alisoma upepo na udongo. Tulipanda marigoldi kwenye masanduku ya mbao, tukaziweka kibarazani, na zilipopata majani manne ya kweli tukazihamishia ardhini jioni, jua likiwa limelala, ili mche uamke kesho ukidhani umeota palepale. Kati ya mche na mche nilichomeka vijiti vya mlimau vyenye miiba. Hiyo ni kwa ajili ya hadeda, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama sindano ya magunia. Hadeda hali mche. Anatafuta minyoo chini yake, anautupa kando, kisha anapiga kelele kana kwamba wewe ndiye umemwibia. Kanda za kumetameta hazimtishi. Miiba inamchosha.

Baba Mkhize aliwasikia wakitua kabla mimi sijawaona. "Hao," alinong'ona, nami nikakimbia nikitikisa gunia. Anti Saro alitutazama kutoka dirishani akasema tunafanana na watoto wa shule.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, ambalo mtu wa hapa asingelifanya.

Sisi kwetu jani ndilo chakula. Lengalenga, yaani mchicha, matembele, sombe ya majani ya muhogo, majani ya maboga: mmea mzuri ni ule wenye majani mengi, mapana, meusi kwa ukijani. Ua ni habari mbaya. Lengalenga ikitoa maua, mama anakuambia umechelewa kuchuma. Kwa hiyo mimi nikizitazama zile marigoldi na kukumbuka yaliyokuwa hatarini, nilizipenda kwa namna niliyoijua. Kulikuwa na jirani mwenye banda la kuku. Nikaomba mbolea, nikaleta gunia, nikazilisha. Wiki iliyofuata nikaleta gunia jingine. Nilikuja hata siku zisizo zangu, nikazimwagilia asubuhi na jioni. Zikaondoka ardhini kama zimeitwa. Zikafika gotini, zikanenepa, zikawa kijani cha kutisha. Kila aliyepita barabarani alizisifu. Baba Mkhize alikuwa upande wa mboga siku hizo, akitayarisha mashimo ya magimbi. Nilimwambia, "Baba, usijali, zinapendeza."

Mke wangu, Mama Furaha, ndiye aliyeanza kucheka. Anti Saro alikuwa amemruhusu kuja kuchuma lengalenga iliyoota yenyewe kando ya uzio. Kila mtu wa mtaa ule aliila kwa jina la lugha yake. Alisimama mbele ya safu zangu, mikono kiunoni.

"Papa Furaha, hii ni nini?"

"Maua."

"Maua iko wapi?"

"Yanakuja."

Akainama, akavunja ncha moja, akaipapasa kama anayepima mboga sokoni. "Weye! Umelima sombe ya watu wa Durban. Hii ni ya kutwanga, ya kutia mawese. Utamwambia yule mama aweke sahani ya majani mbele ya Mungu wake?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilipita safu kwa safu nikiinua majani. Mwezi wa kumi ulikuwa umeanza, Diwali ilikuwa mwisho wake, na kwenye safu zote nne hapakuwa na tumba hata moja.

Nilikwenda kumwita Baba Mkhize. Alipiga goti, akapitisha vidole vyake kwenye mmea wa kwanza kutoka shinani kwenda juu, polepole, kila kifundo cha tawi. Kisha wa pili. Alifanya safu nzima. Mwishoni akachukua udongo kidogo, akaunusa.

"Congo. Umezilisha kuku."

"Kidogo tu, Baba."

"Kidogo cha gunia ngapi?"

"Mawili, Baba."

"Zimeshiba," alisema. "Mmea ulioshiba unadhani utaishi milele. Hauna sababu ya kutoa ua. Ua ni kazi ya mmea ulioanza kuogopa."

"Sasa tutafanya nini?"

"Tutaziogopesha. Leta ile sepeto nyembamba."

Sikilizeni vizuri hapa, maana siku moja mtalihitaji. Pima kiganja kimoja kutoka shinani. Chomeka sepeto wima, kina cha mkono bila kufika kiwiko, kata nusu duara upande mmoja tu. Utasikia mizizi inakatika, sauti ndogo kama ya uzi. Upande wa pili uache kabisa, ndio utakaoulisha mmea. Kisha nyunyiza majivu ya kuni, konzi moja, uyachanganye na udongo wa juu. Maji usitie tena. Baba Mkhize aliupima kila mmea kwa kiganja chake na kukata kwa kusikiliza. Mimi nilifuata na majivu. Tulimaliza jioni, na tulipotazama nyuma, yaani nilipotazama mimi, safu zote zilikuwa zimeinamisha vichwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Majani yalining'inia kama masikio ya mbuzi. Anti Saro alitoka na chai yake akasimama kibarazani.

"Mkhize, mnaniulia maua?"

"Hapana, Ma. Zinafikiri."

"Zinafikiri! Na mimi nifikiri nini? Kuben anakuja Jumapili."

Kuben alikuja, akatazama, akashika mmoja, ukalala mkononi mwake. Hakuwa na furaha yoyote usoni. "Ma, nimejaribu kuwa mvumilivu," alisema, na akiwa hapohapo akampigia simu fundi wa matofali, aje Jumamosi kabla ya sikukuu. Baba Mkhize alikuwa nyuma ya mlimau. Alisikia yote. Aliendelea kupapasa malimau, akichuma yaliyoiva, moja moja, akiyaweka kwenye kofia yake.

Kisha ikaja ile harufu ya matangi ya mafuta.

Nilishuka kwenye taksi nikaisikia, nikakimbia njia nzima. Mvua kubwa ingelifuta kazi yote. Marigoldi zingekunywa, zingesahau hofu yao na kurudi kwenye majani. Baba Mkhize alikuwa amesimama langoni ananingoja.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Tufunike na nini?"

Anti Saro mwenyewe ndiye aliyetoka na jibu. Alikuwa na vitambaa vya meza vya plastiki, vya harusi na misiba ya miaka mingi, vyenye matunda na maua yaliyochapwa. Alivileta vyote mikononi bila kuuliza sababu. Tukavitandaza ardhini kati ya safu, tukakunja kingo juu kuzunguka mashina, tukaweka mawe, na kuinamisha kila kimoja kidogo ili maji yakimbilie njiani. Mvua ilipoanza, bustani ilikuwa imetandikwa kama karamu ya wageni ambao hawajafika: zabibu za bluu, waridi kubwa, mananasi, na marigoldi zimesimama katikati zikiwa na kiu. Tulikaa kibarazani watu watatu, tukanywa chai, tukisikiliza mvua ikipiga plastiki. Viwanda vilikuwa vimepotea ndani ya mvua, hata mlimau haukuonekana vizuri. Nilikuwa na hakika tukinyanyuka tutakuta uwanja umeelea kwenda zake.

Ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya tatu upepo ulileta bandari. Nilikuwa nakunja vitambaa Baba Mkhize aliponiita, sauti yake chini kabisa.

"Congo. Njoo hapa. Weka kidole."

Alichukua kidole changu na kukiweka kwenye kifundo cha tawi, mahali ambapo macho yangu yalikuwa yamepita mara kumi. Kitu kigumu, kama punje ya pilipili manga.

"Na hapa," alisema. "Na hapa. Na huyu. Congo, zimeogopa!"

Mtu mzima yule alicheka kwa sauti, akajipiga mapaja, na hadeda wote wakaruka kutoka kwenye paa.

Punje zikawa mbegu za papai, zikawa njegere, zikaanza kuonyesha rangi nchani. Jumamosi ile, fundi alipofika na kijigari chake cha matofali, kama theluthi ya matumba yalikuwa yamefunguka. Maua hayakuwa makubwa. Yalikuwa madogo na mengi kupita kiasi, ya njano na ya rangi ya chungwa, na harufu kali iliyofunika ya barabarani.

Kuben alishuka kwenye gari akasimama. Mama yake alikuwa ndani ya safu na kikapu, tayari amekijaza nusu.

"Haya, hesabu," alimwambia. "Unataka nikununulie mengine sokoni?"

"Ma, sikusema kwa ubaya. Lakini gari nitaliweka wapi? Watalivunja tena."

"Najua." Aliweka kikapu chini. "Nimewaza. Maua yapo. Na wewe siwezi kukuacha nje ya lango. Chukua sehemu ya kuingiza gari. Sehemu tu. Mkhize ataonyesha matofali yaishie wapi. Udongo huu anaujua yeye."

Fundi alikuwa na uzi wake wa kupimia. Alifunga ncha moja kwenye nguzo ya lango, akamnyooshea Baba Mkhize ncha nyingine. "Haya, madala, mzee wangu, vuta."

Baba Mkhize alinyoosha mkono. Aliunyoosha pembeni, mbali na uzi, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Fundi akausogeza uzi kidogo, mkono ukapita tena. Nilitaka kuruka nikamsaidie, lakini ningemfichua. Anti Saro alikuwa anatazama ndani ya kikapu chake.

Kuben aliuona ule mkono. Alimtazama Baba Mkhize usoni, kwa muda, kisha akageuka akazitazama safu, mashina, alama za sepeto, vijiti vya mlimau. Akamnyang'anya fundi uzi taratibu, akauweka ndani ya kiganja cha yule mzee na kukifumba.

"Tangu lini, Baba?"

"Kitambo," alisema Baba Mkhize. "Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Hapana, hukuwa unakuja." Akacheka kidogo. "Anza hapo ulipo. Mimi nitaushika nyuma yako."

Baba Mkhize akatembea. Alitembea kwa nyayo zake, akitafuta mpaka wa udongo mgumu na udongo uliolimwa. Alipousikia laini, alirudi nyuma kidole kimoja. Alikizunguka kichaka cha Jana, Leo na Kesho, akaingia ndani penye ardhi iliyochoka, akatoka tena kuziacha marigoldi zote upande wake, akapitia mizizi ya mlimau kama mtu anayepita kitandani kwa mgonjwa. Kuben alimfuata akichomeka vijiti. Walipofika ukutani, uzi ulikuwa na kona nyingi kuliko mto.

Fundi akakuna kichwa. "Bosi, matofali hayapindi hivi."

"Yakate," alisema Kuben.

Wakayakata. Msumeno ulilia mpaka jioni, na vumbi jekundu likatua juu ya kila ua. Fundi alipoondoka, Baba Mkhize alichukua mpira wa maji, akaufunika mdomo wa mpira kwa kidole gumba ili maji yatoke laini kama ukungu, na tukaanza kuziosha marigoldi, safu kwa safu. Majira yote yale alikuwa hajaniuliza rangi ya kitu chochote mbele ya mtu. Sasa Anti Saro yupo kibarazani anatunga shada, Kuben anafagia, na yeye akasimama kwenye ua la kwanza, akalipapasa, akauliza kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia:

"Congo, hili la njano au la chungwa?"

"La chungwa, Baba."

"Na hili?"

Nilimwambia. Nikamwambia na la pili yake, na la tatu, mpaka tukafika mwisho wa safu na kugeuka kuanza nyingine.